Kindi Hayumo Kwenye Sarafu

Ukivuka mpaka wa Busia asubuhi kununua vitunguu na kurudi kabla ya adhuhuri, mfukoni utabaki na wanyama wa nchi mbili. Sarafu za Kenya zilizozinduliwa mwishoni mwa 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Za Uganda zina swala kwenye hamsini, ng'ombe mwenye pembe ndefu kwenye mia, samaki kwenye mia mbili na korongo mwenye taji kwenye mia tano. Hao ndio viumbe ambao serikali zimeamua kwamba wanastahili kutuwakilisha.

Kindi hayumo. Hata hivyo ndiye mnyamapori ambaye mtoto wa Busia, au wa Tororo upande wa Uganda, humjua mapema kabisa. Humwona akikimbia juu ya ukuta wa shule, akishuka kwenye mwembe kichwa chini, akifukua karanga nyuma ya jiko la nyanyake. Humwona bila kulipa kiingilio, bila gari la watalii, bila kumwomba mtu ruhusa. Na kwa kuwa anaonekana bure, hakuna anayemtazama mara mbili.

Nina ombi kwa wakazi wa miji hii, kila mwenye simu yenye kamera: mpigeni picha kindi. Mpigeni kwa makini, mwandike tarehe na mahali, na mzihifadhi picha hizo pale ambapo mtu mwingine anaweza kuziona. Anapendeza, sikatai, lakini uzuri wake si hoja yangu leo. Hoja yangu ni kwamba miji ya mpakani inajengwa upesi kuliko inavyoandikwa, na wahenga walishatuonya kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mnyama ambaye hayumo kwenye kumbukumbu yoyote hana wa kumsemea siku ramani ya mji itakapochorwa upya.

Kwanza tumjue tunayemzungumzia, maana si mmoja. Yuko kindi wa ardhini, mwenye mstari mweupe ubavuni, manyoya makavu ya rangi ya mchanga na makucha ya kuchimbia. Huyu anapatikana kutoka Afrika Magharibi hadi Uganda na Kenya. Usiku hulala shimoni, mchana hutoka kutafuta mbegu, mizizi na karanga. Halafu wapo kindi wa mitini, wale wanaopenda kujilaza kwenye tawi wakiota jua la asubuhi. Uganda na magharibi mwa Kenya kuna zaidi ya aina moja ya hawa: mmoja ana miguu yenye rangi ya kutu, mwingine ana rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na wote wawili wana pete pete mkiani. Kwa mtu anayepita haraka wote ni kindi tu. Kwa kamera iliyotulia, ni jamii tofauti zenye mahitaji tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo inayoipa picha thamani. Kindi wa ardhini anaweza kuishi kwenye uwanja mtupu, kando ya barabara, hata nyuma ya ghala la mahindi, ilimradi apate udongo wa kuchimba na kitu cha kutafuna. Kindi wa mitini anahitaji miti mikubwa yenye matundu ya kulala na matawi yanayokaribiana ili avuke bila kushuka chini. Anahitaji mwembe wa miaka mingi, mvule, mkuyu, mparachichi uliozeeka. Mikaratasi iliyopandwa kwa safu ili ikatwe kuwa nguzo haimfai sana, kwa sababu haina tunda la kula wala tundu la kulala. Basi chukua picha za mtaa mmoja kwa miaka kumi. Zikionyesha kwamba wa mitini alikuwapo akatoweka, na wa ardhini akabaki peke yake, zitakuwa zimeandika historia ya miti ya mtaa huo, historia ambayo huenda hakuna ofisi iliyoiandika.

Hebu tazama picha zinazotumwa ulimwenguni kutoka huku kwetu. Busia ni msururu wa malori, magunia ya mahindi, trei za mayai zilizopangwa kwenye baiskeli, na kile kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikizindua Februari 2018. Tororo ni mwamba. Mwamba huo, masalia ya volkano ya kale, unafika mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda ngazi zake hadi kileleni humpiga picha mwenzake akiwa na mji mzima mgongoni, kiwanda cha saruji kikitoa moshi na Mlima Elgon ukionekana kwa mbali hewa ikiwa safi. Ni picha nzuri zote. Ila ni picha za mtu anayepita njia au anayetazama kutoka juu. Kwa picha hizo huwezi kujua ni nini kinachoishi kwenye vichaka vilivyo chini ya mwamba ule, wala kwenye miti ya viwanja vya makanisa na hospitali.

Picha za wanyama nazo zina mipaka yake. Tumezoea kuamini kwamba mnyamapori yuko mbugani, nyuma ya lango lenye karani wa tiketi, na kwamba mpiga picha wake ni mgeni mwenye lenzi ndefu kama mkono. Mkazi wa mitaa ya mpakani kama Marachi au Sofia akitaka picha ya mnyama, hungoja safari ya shule kwenda Nairobi au Entebbe. Mtazamo huo umetufanya wageni katika viwanja vyetu wenyewe.

Kumbukumbu zetu ni haba kwa sababu nyingine pia. Mistari ya utawala huku imehama mara kwa mara. Kabla ya 1902 Uganda ilifika hadi Naivasha. Mwaka huo Waingereza walilihamisha jimbo lake la mashariki likawa chini ya himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wilaya ya Busia ya Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kaunti ya Busia ya Kenya ilianza kazi 2013, baada ya katiba mpya. Kila mstari unapohama, ofisi mpya hufunguliwa, na ofisi mpya huanza na faili tupu. Watu wana wazee wa kuwakumbusha mashamba yao yaliishia wapi. Miti na wanyama hawana mzee wa namna hiyo.

Na kazi kubwa zinakuja. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, na Malaba ya Uganda iko wilayani Tororo. Reli ya ukubwa huo haipiti bila kung'oa miti. Barabara zitapanuliwa, maghala yatafuata, na nyumba za kupanga zitajengwa pale palipokuwa na miembe. Sipingi reli. Malori yamelala barabarani kwa miaka mingi mno, na dereva anastahili kufika kwake. Ninachouliza ni hiki: tutajuaje tulichokiondoa?

Sheria za nchi zote mbili zinadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa, na kwa bahati njema chombo kinachosimamia kazi hiyo kina kifupisho kimoja pande zote mbili za mpaka: NEMA. Mshauri wa tathmini huja na daftari, hutembea siku chache, huuliza wenyeji, huandika orodha ya mimea na wanyama aliowaona, kisha huondoka. Akija wakati wa mvua kubwa, au saa za jua kali ambapo kindi wamejificha, orodha yake itakuwa fupi. Wananchi nao hupewa nafasi ya kutoa maoni, na wengi wetu huitumia kulalamika kwa mdomo. Lalamiko la mdomo hujibiwa kwa mdomo. Lakini mkazi akileta picha za kindi wa mitini zilizopigwa kwenye mkuyu uleule, misimu tofauti, kila moja na tarehe yake, mjadala unabadilika. Hapo mshauri atalazimika kueleza kwa maandishi mkuyu huo utafanywaje.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa Wazungu. Nawajibu kwamba Wazungu wenyewe wana kisa cha kutufunza. Kindi wa kijivu wanaojaa kwenye bustani za miji ya Marekani hawakujileta. Philadelphia ilianza kuwaachia bustanini mwaka 1847, na New York ikawaleta Central Park mwaka 1877, kwa sababu miji ilikuwa imekwisha kuwapoteza na watu walitaka kitu chenye uhai cha kuwaburudisha. Oktoba 2018 wakazi waliojitolea waliigawa Central Park vipande vipande, wakahesabu kindi mmoja mmoja, wakaandika rangi yake na alichokuwa akifanya, na makadirio yao yakafika 2,373. Mji wenye fedha nyingi kupindukia ulilazimika kwanza kumrudisha kindi, kisha kumhesabu. Sisi bado tunaye. Tuna nafasi ya kufanya kazi hiyo kwa mpangilio ulio sahihi: kuhesabu kabla ya kupoteza.

Na hatuna haja ya kwenda New York kutafuta mfano. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora mwaka 1935, alifundisha sanaa Makerere kuanzia 1960, na kati ya 1971 na 1982 alichapisha atlasi yake ya mamalia wa Afrika Mashariki katika mabuku kadhaa. Buku zima alilitenga kwa sungura na wanyama wagugunaji, na humo panya na kindi wamechorwa kwa uangalifu uleule aliompa tembo. Mwalimu wa sanaa alielewa kwamba mnyama mdogo asipochorwa vizuri hatambuliwi, na asipotambuliwa hahesabiwi. Leo simu ya bei ya kawaida iliyoko mikononi mwa kijana wa Tororo inaweza kufanya sehemu ya kazi iliyomgharimu msanii yule miaka.

Sasa niwageukie wenye malalamiko ya haki. Mkulima wa kwanza nitakayekutana naye baada ya makala haya ataniuliza kama nimewahi kupanda mahindi. Swali zuri. Mvua za masika zikianza na mbegu zikifukiwa, kindi wa ardhini hufuata mstari wa shamba akifukua shimo baada ya shimo, na familia hulazimika kuwatuma watoto wakalinde shamba mpaka miche ichomoze. Karanga nazo huzipenda kuliko sisi. Mama aliyepoteza nusu ya mbegu hataki kusikia habari za uzuri wa mkia.

Simlaumu. Lakini picha inamsaidia na yeye. Kwanza, huonyesha ni kindi yupi anayeharibu, maana wa mitini mara nyingi hubebeshwa kosa la wa ardhini. Pili, huonyesha saa na upande anaotokea, hivyo ulinzi unawekwa pale unapohitajika. Tatu, na hili ndilo zito, huweza kuzuia sumu. Kaunti ya Busia inalijua jambo hili kwa uchungu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, mtafiti wa ndege Martin Odino alifuatilia jinsi ndege wa porini walivyouawa kwa Furadan, dawa ya wadudu iliyogeuzwa chambo, kisha wakauzwa kama kitoweo. Ule ulikuwa ukatili uliofanyika mchana kweupe, na ulijulikana nje ya Bunyala kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekwenda shambani, akatazama, akahesabu na akaandika. Sumu haichagui. Chambo kilichowekwa kumwua kindi kitamwua kuku wa jirani na mbwa wa mlinzi, na kinaweza kufika kwenye sufuria ya mtu.

Lalamiko la pili litatoka kwa afande. Mpaka ni mahali ambapo kamera hutiliwa shaka, na si bure. Atakayeinua simu karibu na forodha atasikia sauti nyuma yake.

"Wewe! Unapiga picha ya nini hapo?"

"Ya kindi, afande."

"Kindi gani? Lete hiyo simu."

Ushauri wangu ni rahisi: usimjaribu afande. Ofisi za forodha na uhamiaji, kambi za polisi na mizani ya malori viache kabisa. Kindi hajapungukiwa makazi mengine. Nenda kwenye viwanja vya shule, makanisa na misikiti, kwenye makaburi, kando ya Mto Sio, na kwenye nyua za watu, lakini ubishe hodi kwanza. "Mama, naomba nipige picha kindi aliye kwenye mwembe wako." Mara nyingi jibu litakuwa, "Piga, mwanangu, ila umwambie aache karanga zangu." Ukipata ruhusa ya namna hiyo umepata na mlinzi, kwa sababu kuanzia siku hiyo mama huyo atakuwa akikuita kindi akitokea.

Hata hivyo, nina neno kwa wakuu wa usalama wa pande zote mbili. Mji ambao raia anaogopa kuupiga picha ni mji usio na kumbukumbu yake. Itengenezwe orodha iliyo wazi ya mahali pasipopigwa picha, ibandikwe, na kwingine kote raia aachwe afanye kazi yake. Kijana anayejulikana mtaani kwa kupiga picha miti na wanyama hana siri ya kuficha. Hata afande mwenyewe, aliyesimama zamu ndefu chini ya kivuli, huenda ana habari nyingi za kindi kuliko mwandishi wa makala haya.

Lalamiko la tatu ni la mfuko: kamera nzuri ni ghali. Ni kweli kwamba kamera ya simu hupunguza ubora ukivuta picha karibu kupita kiasi. Lakini kumbukumbu haihitaji picha ya kutundikwa ukutani. Inahitaji picha inayotosha kumtambua mnyama. Fika mapema, jua likiwa bado laini, kabla ya saa tatu. Huku karibu na ikweta mwanga hupanda upesi, na ukichelewa kivuli cha mwembe kitamfanya kindi awe doa jeusi. Egemeza mkono kwenye shina au kwenye kiti cha pikipiki ili simu isitikisike. Piga mfululizo, maana hatulii. Ulenge ubavu, miguu na mkia, kwa sababu mgongo peke yake hautoshi kumtofautisha mmoja na mwenzake. Kisha piga picha mbili zaidi ambazo wengi huzisahau: moja ya mti mzima, na nyingine ya kile alichokuwa akila.

Usimtegee chakula ili akusogelee, wala usimguse. Mwaka 1985 virusi vya ugonjwa unaoitwa leo mpox vilipatikana kwa kindi wa msituni katika nchi iliyoitwa Zaire. Kenya nayo ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, Julai 2024, alikuwa msafiri aliyegunduliwa kwenye kituo cha mpaka cha Taita Taveta akitoka Uganda kuelekea Rwanda. Simtilii shaka kindi wa Busia kwa sababu ya kisa hicho; mlipuko ule ulisambaa hasa kutoka mtu kwa mtu. Nasema tu kwamba kamera ina adabu ambayo manati na mtego havina: inamwacha mnyama alipo na mtu alipo.

Baada ya kupiga, weka kumbukumbu. Programu kama iNaturalist, iliyoanzishwa 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hupokea picha pamoja na tarehe na mahali, kisha watumiaji wengine husaidia kumtambua mnyama. Wakikubaliana vya kutosha, kumbukumbu hiyo inaweza kuingia kwenye hazina ya kimataifa ambayo watafiti huitumia. Na kwa mkazi wa mpakani kuna faida ndogo ya kufurahisha. Laini yako inaweza kurukia mtandao wa nchi jirani wakati hujatoka kwenye kiti, lakini simu hupata mahali ulipo kwa setilaiti, kwa hiyo kindi wa Uganda hataandikwa kuwa wa Kenya. Asiye na bando anunue daftari. Tarehe, saa, jina la mti, jina la mtaa: vinatosha kuanzia.

Nani aanze? Ningewachagua waendeshaji boda. Busia ndiyo iliyolipa eneo hili zima jina la boda boda, enzi za baiskeli zilizobeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka. Steji ya boda huwekwa chini ya mti, kwa hiyo waendeshaji hukaa kivulini saa nzima wakingoja abiria, na hakuna mtafiti anayeweza kulipa watazamaji wengi namna hiyo. Wanajua ni mti upi una kindi, ni mti upi ulikatwa, na nani aliukata. Baada yao ziingie shule, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Busitema, jirani zetu wenye msitu mlangoni mwao.

Serikali za miji nazo zina deni. Manispaa za Busia zote mbili na ile ya Tororo zikubaliane orodha moja ya miti mikubwa ya mjini, yenye picha, na tangazo libandikwe sokoni kabla mti wowote wa orodha hiyo haujakatwa, ili mwenye ushahidi aulete. Jambo hilo haligharimu fedha nyingi. Linahitaji karani mmoja kila upande na wakazi waliokwisha kuanza kazi bila kungoja kuambiwa. Kisha mshauri wa mradi ujao atakapofika na fomu yake, akauliza ni wanyama gani wanaoishi hapa, asijibiwe kwa kubahatisha. Awekewe mezani picha, tarehe na jina la mti, ajibu yeye.